Mama ataka kuacha kemo sababu ya kutapika, nimlazimishe?

Shangazi salaam aleikum, natumai u mzima. Mimi nakaa Likoni na mamangu, ana kansa ya titi, ilipopatikana wakamuanzisha kemo, ile dawa nyekundu wanayoiweka kwa dripu, kila baada ya wiki tatu anarudi. Sasa kansa yenyewe haijamsumbua vile kutapika kumemsumbua, wallahi sijaona mtu akitapika hivyo maisha yangu.

Siku yenyewe ya dawa huwa yuko sawa, wanamdunga sindano ya kuzuia kutapika kabla ya dripu, tunarudi nyumbani anakunywa chai yake anaongea mpaka naona mambo si mabaya. Kesho yake ndio kiama. Anaanza mchana, siku ya tatu hivyo hivyo, ya nne hivyo hivyo, hata maji hayakai, anatapika mpaka tumboni hakuna kitu, kinatoka kimaji cha manjano kichungu na bado anakokomoka tu. Hapo ndio sielewi shangazi, mtu anatapika nini na tumbo liko tupu?

Tembe za kuzuia tulipewa, lakini aliyetupa pale dirishani alisema akianza kutapika ndio umpe, kwa hivyo mimi humngoja aanze ndio nampa, na saa zingine anazitapika hapo hapo. Nikaenda kemisti nikanunua Plasil, tembe nyingine za kuzuia kutapika, ikasaidia kidogo tu.

Halafu juzi tulivuka na feri kwenda kupimwa damu, wala haikuwa siku ya dawa, tuliposhuka upande wa kisiwani akaanza kutapika kabla hata hatujafika hospitali. Ati harufu ya hospitali ameisikia mpaka kule. Mimi nilishtuka, nikajiuliza kama ugonjwa umepanda kichwani.

Na hapa nyumbani kila mtu ana lake. Mamangu mdogo asema tusimpe dawa ya kuzuia kabisa, kutapika ndio sumu inatoka, ukiizuia inabaki mwilini. Kakangu mkubwa asema tuachane na hizi kemo tumpeleke kwa mzee wa dawa za miti. Na mama mwenyewe ashasema raundi ya tatu haendi, bora afe ametulia. Ana sukari pia, kwa hivyo nikimuona hali chakula naogopa zaidi.

Nimlazimishe? Na ni kweli akizuiwa kutapika sumu inabaki? Nijibu haraka tafadhali, raundi yenyewe ni wiki ijayo.

Binti wa Likoni

*

Aleikum salaam mwanangu. Pole sana, na mpe mama pole yangu, mwambie nimesoma kila neno.

Nianze na la haraka. Usimlazimishe, lakini pia usikubali aache kemo kwa ajili ya kutapika kabla hamjarudi kwa daktari mkamwambia haya yote uliyoniandikia mimi. Kwa vile nilivyokusoma, mama hajakingwa na kutapika inavyotakikana, amekingwa nusu. Siku ya kwanza ameshikiliwa vizuri, siku ya pili mpaka ya nne ameachwa wazi, na huo ndio wakati wenyewe ambao hiyo dawa nyekundu inajulikana kusumbua. Hilo linarekebishika, na raundi ya tatu inaweza kuwa tofauti kabisa na alizozipitia.

Sasa la mamako mdogo, manake hilo nimelisikia wodini miaka yote na linaumiza wagonjwa wengi. Kemo haikuingia kwa mdomo, imeingia kwa mshipa, iko kwenye damu inazunguka mwili mzima, tumboni haipo ya kutapikwa. Ina njia zake za kutokea, ini linaivunjavunja, nyingine inapita kwa nyongo ikatoka na choo, nyingine inatoka kwa mkojo, na kama ni ile nyekundu basi nadhani mmeona wenyewe mkojo wa mama unageuka rangi siku ya kwanza ya pili, ndio hiyo inatoka. Anachotapika mama ni maji ya mwili wake, chumvi zake na kile kidogo alichokula. Ukimzuia kutapika hujafungia sumu ndani, na dawa za kuzuia haziipunguzii kemo nguvu ya kupiga kansa.

Ila simlaumu mamako mdogo. Ukila samaki aliyeharibika ukatapika, kweli umetoa kibaya, mwili uliumbiwa kutapika kwa kazi hiyo hiyo. Shida ni kwamba mwili haujui tofauti ya samaki mbovu na kemo. Ukiona tu kitu kigeni kikali kimeingia unatoa amri ile ile, hata kama kitu chenyewe kimewekwa na daktari na hakitoki kwa mdomo.

Na amri haitoki tumboni, ndio maana tumbo tupu haliizuii. Inatoka kichwani, chini kabisa ya ubongo pale unapoungana na uti wa mgongo, usawa wa kisogo hivi. Hapo pana mahali panapokusanya habari kutoka kila upande na habari zikizidi panaamua, huyu atapike. Mate yanajaa mdomoni kwanza, mama atakwambia analijua hilo, utumbo mwembamba unageuza mwendo na kusukuma vilivyomo kurudi juu mpaka tumboni, tumbo lenyewe linalegea, njia ya hewa inajifunga kooni ili asipaliwe, halafu misuli ya fumbatio na kile kiwambo kati ya kifua na tumbo vinabana kwa nguvu. Kwa hivyo tumbo kwa hakika halitapiki, linakamuliwa. Hayo maji ya manjano machungu ni nyongo iliyorudishwa juu kutoka utumboni, na ukokomokaji wa bila kitu ni ile misuli bado inatii amri. Mbavu zikimuuma siku ya tano sababu ni hiyo.

Sasa habari zinafikaje huko kisogoni? Hapa nisikilize vizuri sababu dawa nyingi zinafanya kazi kwa kuziba njia hizi, na kila njia ina dawa zake, ukiziba moja ukaacha nyingine wazi mgonjwa anatapika tu na watu wanasema dawa haifanyi kazi.

Njia ya kwanza ni utumbo. Kwenye ngozi ya ndani ya utumbo kuna chembechembe zilizojaa kitu kinaitwa serotonini, watu hudhani ni kitu cha ubongo lakini sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko utumboni. Kemo ikizichoma hizo chembe zinaimwaga, ikimwagika inagusa ncha za mshipa wa fahamu unaopanda kutoka tumboni hadi ubongoni, na habari inafika saa hizo hizo. Hii ndio inayotapisha siku ya kwanza. Dawa yake ni ondansetroni na ndugu zake, zinakaa mahali pale serotonini ilipotaka kugusa, ikija inakuta pamejaa. Ndio maana anadungwa kabla ya dripu. Kabla ya dawa hizi watu waliteseka kupita kiasi, walikuwa wanapewa Plasil kwa dozi kubwa mno, na wataalamu walipochunguza mbona dozi kubwa yasaidia na ndogo haisaidii wakaona kumbe ikiwa nyingi ndio inaziba na hiyo serotonini pia, wakatafuta dawa ya kuziba hiyo peke yake. Marekani waliipitisha ondansetroni mwaka 1991. Kwa hivyo hawa kina bibi zetu wanaosimulia kemo za zamani hawasemi uongo, lakini si kemo za leo.

Njia ya pili ni damu yenyewe. Ubongo wote una ukuta unaochuja damu, vitu vingi havipiti, ila pale kisogoni kuna kisehemu kidogo ukuta wake umeachwa wazi makusudi, ni bawabu aliyewekwa nje ya mlango aonje kila kinachopita. Akionja kemo anapiga kelele. Kelele zake nyingi zinapita kwa dopamini, na hapo ndipo Plasil inapofanya kazi, kwa dozi ya kawaida. Ilimsaidia kidogo sababu iliziba hapo na penginepo pakabaki wazi. Na tafadhali Plasil usiendelee kumnunulia kimya kimya, inaweza kumfanya shingo ipinde yenyewe, macho yageuke juu au ashindwe kabisa kutulia, na ukiichanganya na nyingine nitakayokutajia sasa hivi hatari hiyo inazidi. Mwambie daktari umeitumia.

Njia ya tatu ndiyo iliyomtesa mama. Baada ya saa 24 za kwanza kazi ya serotonini inapungua, na kitu kingine kinashika usukani, wanakiita sabstansi P, hiki kinafanya kazi ndani ya ubongo wenyewe na kinaweza kuendelea mpaka siku ya tano. Ondansetroni peke yake hapa haitoshi, ndio unaona siku ya kwanza anakunywa chai na kesho yake kiama. Dawa ya kuziba njia hii inaitwa aprepitanti, ilipitishwa Marekani mwaka 2003, inamezwa kabla ya kemo. Pamoja nayo kuna deksamethasoni, na kuna olanzapini. Hiyo nyekundu ikitiwa pamoja na mwenzake, siklofosfamidi, na kwa kansa ya titi mara nyingi huenda pamoja, inahesabiwa katika kemo zinazotapisha zaidi, na miongozo ya kimataifa kwa kemo za namna hiyo inasema mgonjwa apewe dawa nne pamoja, ondansetroni au nduguye, deksamethasoni, aprepitanti au nduguye, na olanzapini. Sijui mama alipewa ngapi, lakini hilo ndilo swali la kuuliza.

Nikuonye mapema kuhusu olanzapini. Ukisoma karatasi ya ndani utaona ni dawa ya wagonjwa wa akili, na nimeona familia zikiitupa kwa hasira wakidhani daktari amemuona mama yao mwendawazimu. Hapana. Dawa hiyo inaziba njia kadhaa kwa mpigo ikiwemo ya dopamini na ya serotonini, kwa hiyo ikatumika huku, kwa dozi ndogo na siku chache tu, na hata kule kuchafuka kwa moyo kwenyewe, yaani kichefuchefu, inakutuliza vizuri kuliko nyingi. Inalewesha usingizi, hivyo hupewa usiku, na akiamka kwenda chooni mtu amshike mkono. Hii ndiyo isiyotakiwa kukutana na Plasil.

Na kwa vile mama ana sukari, mkumbushe daktari hilo hata kama limeandikwa kwenye faili. Deksamethasoni inapandisha sukari, olanzapini nayo inaweza, haimaanishi asipewe, inamaanisha apimwe mara nyingi zaidi siku hizo na dozi zipangwe. Uliza pia dawa zake za sukari afanye nazo nini siku ambayo hali chakula, sababu kumeza au kudunga kama kawaida na tumbo halina kitu kunaweza kuiangusha sukari ghafla.

Sasa lile neno la dirishani, ati akianza ndio umpe. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa kemo kama hii tembe za nyumbani zinamezwa kwa saa, awe anatapika au hatapiki, awe anajisikia mzima au hajisikii, kwa siku zote alizoandikiwa. Ukingoja aanze, mahali dawa ilipotaka kukaa pameshakaliwa, na tumbo lishagoma, tembe yenyewe inarudi. Muombe daktari aandike kwenye karatasi saa ngapi ipi na kwa siku ngapi, na aongeze moja ya akiba, ya njia tofauti, ya kutumia kama ameshatapika licha ya hizo. Zipo pia ondansetroni za kuyeyuka kwenye ulimi kwa mtu asiyeweza kumeza. Na uulize kuhusu choo, ondansetroni inafunga choo na kufunga choo peke yake kunachafua moyo, watu wanasahau hili mno.

Twende kwa feri. Hapana mwanangu, ugonjwa haujapanda kichwani kwa dalili hiyo, ingawa umwambie daktari ajue. Kilichotokea ni kwamba ubongo umejifunza. Umefunga pamoja feri, njia, harufu ya ile hospitali na kutapika, sasa ukikutana na moja unatoa amri kabla dawa haijaguswa. Mama haigizi wala si mwoga, na msije mkamwambia ajikaze, hawezi kulizuia. Njia hii inatoka sehemu za juu za ubongo, za kumbukumbu na harufu, na zile dawa nilizotaja haziizibi vizuri. Huwa inakuja kwa waliotapika vibaya raundi za mwanzo, hivyo kumkinga vizuri sasa ndiyo njia ya kuanza kuivunja. Daktari anaweza kumpa kidonge kidogo cha kutuliza usiku wa kabla na asubuhi yake. Nyinyi mnaweza kubadilisha vitu, kama kuna mtu wa familia mwenye gari mzungukie barabara ya Dongo Kundu safari hii badala ya kuvuka na feri, ni mbali lakini si njia ile, anuse kitu anachokipenda kilichotiwa kwenye leso, ndimu au asumini, asikilize kisomo au taarabu zake, avute pumzi pole pole, umsemeshe habari nyingine kabisa.

Jikoni usikaange vitunguu wala samaki naye yuko karibu, harufu ya kitu moto inamfikia haraka kuliko ladha, mpe vya baridi au vuguvugu, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili tatu, uji wa mchele mwepesi, mkate mkavu, ndizi, maji ya kulamba kwa kijiko hata kama ni kijiko tu. Na chakula anachokipenda kabisa usimpikie siku hizo! Kama ni wali wa nazi na samaki wa kupaka mfichie mpaka wiki ya pili, sababu akila akatapika ubongo utaandika kwamba ni hicho, na anaweza kukichukia muda mrefu. Tangawizi kwenye maji si mbaya, inawasaidia baadhi ya watu moyo kutulia kidogo, lakini isichukue nafasi ya dawa, na kama anameza dawa ya kulainisha damu uliza kwanza.

Kuna mambo hayangoji siku ya kliniki, hata ikiwa usiku wa manane mpeleke. Joto la mwili likifika 38, hiyo ni dharura kwa mtu wa kemo hata kama hatapiki, kinga yake iko chini siku hizo na maambukizi yanakwenda mbio. Maji kutokaa siku nzima. Kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa. Kizunguzungu akisimama, mkojo kuwa mchache na mweusi, kuchanganyikiwa, maumivu makali ya tumbo, au sukari kwenda juu sana au chini sana. Nunua kipimajoto kama hamna, bei yake si kubwa, kikae kando ya kitanda.

Kakako usigombane naye, najua anasema vile kwa kuwa hawezi kumuona mamake akiteseka. Mpe kazi, mwende naye kwa daktari asikie mwenyewe na aulize mwenyewe. Ila dawa za miti zisinywewe pamoja na kemo bila daktari kujua, ini ndilo linaloshughulikia zote mbili na likilemewa ataumia mama. Na mama naye muulize polepole, mkiwa wawili, anaikataa kemo au anakataa kutapika. Wengi niliowauliza swali hilo walinijibu ni kutapika. Akisema ni kemo yenyewe, hiyo ni haki yake na ni mazungumzo mengine, niandikie tena. Akisema ni kutapika, mwambie bado hajajaribiwa dawa zote, na kama hata hizo zitashindwa daktari anaweza kubadilisha mpango mwenyewe.

Usingoje siku ya raundi. Nenda kesho asubuhi au piga simu kliniki, sema hivi: mamangu alitapika siku ya pili mpaka ya nne baada ya kila raundi, maji hayakukaa, tembe alikuwa anapewa akishaanza kutapika, Plasil tulinunua wenyewe, ana sukari, na sasa anatapika kabla ya kufika hospitali. Ukiyasema yote kwa mpigo hivyo hakuna daktari wa kemo atakayemuandikia zile zile za mara ya kwanza. Aprepitanti si kila mahali ipo dirishani na bei yake yaweza kuwa kubwa, kwa hivyo uliza kama inalipiwa na kadi yenu au mtafute wapi, na ikikosekana uliza olanzapini, hiyo ni rahisi na inapatikana. Dawa hizi zinamezwa kabla ya dripu au usiku wake, ndio maana nakwambia kesho, mkifika siku yenyewe sindano iko mkononi mtaambiwa subirini raundi ijayo.